Pipa la Tano

Jumapili, 9 Juni 2024

Daftari hili nimelinunua leo, la kurasa mia na jalada gumu, kama la mtendaji wa kijiji. Niliishia darasa la tano, lakini mwalimu wetu alisema mbele ya watu kwamba mwandiko wangu ni wa mtu aliyemaliza la saba. Naandika ili wajukuu wasome jinsi mimi, Butoyi wa Keza, nilivyomwozesha Fideli.

Fideli ni mtoto wa kaka yangu Bukuru. Tulizaliwa pacha, na kwetu sisi wenye asili ya Burundi majina ya pacha hayatafutwi: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Alinitangulia kwa muda wa sufuria ya viazi kuiva, na kwa muda huo nikawa mdogo miaka hamsini kasoro mmoja. Mwaka juzi akafariki. Sasa mimi ndiye baba.

Leo tulikwenda Kaniha, upande wa Biharamulo, kumposa Claudia. Baba yake ni Ndayisenga, mtu mpole, ana mihogo mingi na maneno machache. Mwenye maneno ni msemaji wao, mzee Benedicto, kaka yake, aliyeuza maharage sokoni mpaka meno yakamwisha. Wametukubalia. Halafu Benedicto akauliza, "Na siku ya mahari mtatunywesha nini, wakwe? Au mnatuletea soda?"

Watu wakacheka. Shemeji Felisita, mjane wa Bukuru, alikuwa amekaa nyuma yangu. Akaninong'oneza, "Sema vibuyu kumi. Vinatosha."

Nikasimama. "Rubisi ya ndizi," nikasema, "mapipa matano! Mapipa, siyo vibuyu. Yale yanayomfika mtu kiunoni."

Pakawa kimya. Jamani, kimya kile kilikuwa kitamu. Benedicto akaniangalia kutoka miguuni hadi kofiani. "Matano?" "Matano, mkwe. Ukihesabu ukakuta manne, mwali mrudishe ndani." Siku ikapangwa: Jumamosi, tarehe 17 Agosti.

Njiani kurudi Felisita alisema neno moja tu: "Matano."

*Kwa kalamu nyekundu, 22 Septemba:* Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo. Sifuti kitu. Palipo na uongo naandika chini yake. Mwalimu hakusema hivyo juu yangu. Aliyesifiwa mwandiko alikuwa Bukuru.

Jumatano, 12 Juni

Felisita amekuja asubuhi ukungu ukiwa bado bondeni. Hakukaa.

"Shemeji, mtumbwi wa Bukuru upo. Nimeutoa bandani, nimeukagua wote. Hauna ufa."

Mtumbwi anaousema ni lile gogo refu lililochongwa, ambamo Bukuru alikamulia ndizi na kuchachushia rubisi yake. Watu walikuja kutoka kata ya tatu kuinywa. Walisema, "Twende tukanywe ya Bukuru." Miguu iliyokanyaga ndizi zile ilikuwa minne, miwili yangu, lakini sijawahi kusikia mtu akisema twende tukanywe ya Butoyi.

Nikamwambia dunia imebadilika, shemeji. Gogo ni mambo ya zamani. Tukienda na vitu vya gogo tutaonekana washamba.

"Tutaonekana na nani? Ndayisenga mwenyewe anachota maji kwa kibuyu."

"Aliyesema mapipa ni mimi," nikamjibu. Akaondoka. Ana tabia ya kuondoka bila kugomba, inamwacha mtu hana mahali pa kuweka hasira.

Alhamisi, 20 Juni

Nyakanazi! Nyakanazi naijua kama mfuko wa shati langu. Nimeendesha lori njia ile miaka sita. Siku moja breki zilikatika kwenye mteremko, nina tani thelathini za saruji nyuma, nikatoa mguu mlangoni nikalisimamisha lori kwa kiatu. Soli ikawaka moto. Abiria wa basi walishuka kunipa mikono.

Nyuma ya magereji nikampata mama anayeuza mapipa ya plastiki. Ukiinamisha kichwa ndani unasikia embe, yalikuja na juisi nzito ya kiwandani. Tumezungumza kibiashara. Alipoona ni mtu wa aina gani aliye mbele yake, akaniongezea la tano bure, kwa heshima. Nimeyapakia kwenye fuso la mtu wa Rulenge. Watoto wa Keza wamelikimbilia gari kama limeleta mbunge.

*Nyekundu:* Sikuwa dereva. Nilikuwa tanboi, miezi mitatu, nikafukuzwa kwa kulala. Na mapipa ya embe yalikuwa manne tu. La tano nililiona limeegemezwa ukutani peke yake, karatasi yake imekwanguliwa, nikaliomba mimi. Yule mama alisema hivi: "Hilo lilikuja na dawa ya kunyunyizia pamba, mzee. Lichukue bure, ukingie maji ya kufyatulia tofali. Usiweke kitu cha mdomoni." Alirudia mara mbili. Nikamwambia nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa.

Jumamosi, 22 Juni

Nimeosha mapipa. Mchanga, majivu, majani ya mpapai, maji ya moto. Kufika saa sita manne yameng'aa, mtu angeweza kujitazama ndani akanyoa ndevu. La tano bado kidogo.

Jumapili, 23 Juni

Nimeosha la tano baada ya misa.

Jumatatu, 24 Juni

Nimeosha la tano.

Alhamisi, 27 Juni

Nimeliosha kwa sabuni ya unga, kisha ndimu kumi na mbili, kisha nimeingiza makaa ya moto na kulitikisa. Asubuhi kukiwa na baridi halina harufu hata kidogo. Unaweza kulala ndani. Jua likipanda, saa sita hivi, linaanza tena: harufu ya kitunguu saumu kilichooza, nyuma yake kitu kama kiberiti.

Kaneza, binti wa Felisita, ndiye anayeniletea maji. Kiangazi kimeshika. Chemchemi imekuwa uzi, kina mama wanapanga foleni na madumu. Leo Felisita alikuja mwenyewe na dumu kichwani, akalitua, akasimama karibu na pipa. Jua lilikuwa juu kabisa. Pua yake ikacheza.

"Shemeji, hili likipata jua linasema."

"Linasema nini?"

"Wewe ndiye uliyelinunua. Wewe ndiye unajua lugha yake." Akainua dumu lake tena, maji yakiwa ndani. "Haya ya leo ni ya kupikia."

Ametoka na maji yake! Mwanamke mbishi. Sijui Bukuru alimwezaje.

Jumanne, 2 Julai

Vumbi. Nimeosha la tano.

Jumamosi, 6 Julai

Felisita amemleta Bibi Zita, bila kuniuliza. Zita alipika rubisi tangu sisi hatujazaliwa, na sasa mgongo umepinda kiasi kwamba hana haja ya kuinama kuangalia pipa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni yupi? Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa alishafariki, bibi."

"Aa. Basi ni mdogo."

Akaingiza kichwa kwenye mapipa manne, moja baada ya jingine. "Safi. Hata mimi ningeweka." Kwenye la tano hakuingiza kichwa. Aliingiza mkono, akasugua ukuta wa ndani, akanusa kiganja. Kisha akakifuta kiganja chini kwenye udongo, mara tatu, polepole, kama anayefuta kitu cha mtoto.

"Lilikuwa na nini?"

"Juisi, bibi. Ya nanasi."

"Nanasi."

"Nanasi la Uganda. Lina harufu kali lile."

Zita akamtazama Felisita, Felisita akatazama mgomba. "Jaza haya manne," bibi akaniambia. "La tano liache hapa. Mwambie Benedicto ndizi nyingine ziliungua shimoni. Atakucheka siku moja, basi."

"Nichekwe mimi?"

"Kwani umeshawahi kufa kwa kuchekwa?"

Nilimsindikiza hadi njiani kwa heshima zote. Ni mzee, pua zimechoka.

*Nyekundu:* Pua yake haikuchoka.

Ijumaa, 12 Julai

Nimefanya jaribio la kisayansi. Nilijaza maji ndani ya la tano, yakakaa siku mbili, nikampa jogoo. Amekunywa. Ameruka juu ya ukuta. Amewika! Nimemwita Felisita aje amsikie. Amesema yuko shambani anachimba mihogo.

Jumapili, 21 Julai

Fideli amepita na pikipiki yake, ametoka kupeleka abiria Rulenge. Ni mtu mzima, miaka ishirini na sita, ila bado anavua kofia akiongea nami.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, bwana harusi."

Akazunguka zunguka mapipa. "Baba mdogo, mama anasema hili moja..."

"Mama yako anasema. Na wewe unasemaje?"

Akacheka, akakuna shingo. "Mimi nilimwambia, baba mdogo alifanya kazi na malori, hivi vitu anavijua." Halafu, bila kunitazama: "Siku ile ukisimama kuonja mbele ya wakwe, kwangu itakuwa kama na baba yupo. Sura si ni hiyo hiyo? Wewe tu unacheka sana."

Nikampiga bega, nikamwambia kisa cha nyati niliyemshika pembe kule Burigi, akakisikiliza chote kana kwamba hajakisikia. Alipoondoka nikaketi juu ya pipa la tano. Nilikaa hapo muda mrefu. Ningeweza kusema pale pale. Pikipiki ilikuwa haijafika hata kwenye kona.

Jumatano, 24 Julai

Nimeosha la tano.

Alhamisi, 8 Agosti

Tumekata ndizi siku tatu na leo tumezizika shimoni, tumewasha moto wa majani pembeni ili moshi uziivishe. Mavuno ni makubwa. Nilikuwa naomba moyoni zipungue. Naandika hivyo hivyo: niliomba ndizi zipungue, kwa sababu zikijaza mapipa manne tu, hapo hakuna aliyeshindwa ila ndizi.

Jumanne, 13 Agosti

Zimeiva zote. Tumemenya, tumekamua na majani ya nyasi, kina mama wakiimba. Mtama umekaangwa na kusagwa. Juisi imejaza pipa la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Na juisi ikabaki.

Felisita alishika ndoo ya mwisho. Nilimwambia mimina. Hakumimina. "Mtumbwi umeoshwa," akasema. "Uko kivulini. Hii inaingia mle, tunaibeba kwa vibuyu. Hakuna atakayeuliza."

"Benedicto atahesabu."

"Shemeji. Ni mtoto wa Bukuru."

Angesema "ni mtoto wangu" labda ningemsikia. Alisema wa Bukuru. Nikaichukua ndoo mkononi mwake nikamimina mwenyewe, na ndoo zilizofuata.

Kufika jioni lilikuwa linachemka kama mengine. Harufu ya ndizi imeifunika ile nyingine. Nimenusa mara nyingi. Ndizi tupu.

Jumatatu, 19 Agosti. Nje ya wodi, hospitali ya wilaya

Naandika ya Jumamosi. Atakayesoma anivumilie.

Tulifika Kaniha saa tano na fuso, kina mama wanaimba. Mapipa yakapangwa chini ya turubai. La tano nililiweka mwisho kabisa ukutani na kulifunika majani ya mgomba. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: watu sitini hawamalizi mapipa manne. Hilo halitafunguliwa. Litahesabiwa tu, matano, kisha litarudi nyumbani na kifuniko chake, nilimwage shimoni, na neno langu litakuwa limesimama. Ndiyo hesabu niliyolala nayo wiki nzima.

Kwetu pombe ya namna hii haipokelewi hivi hivi. Aliyeileta anaonja kwanza, mbele ya macho ya watu, ijulikane kwamba hakuna ubaya ndani yake. Anafuata bwana harusi. Ndipo wakwe wanashika mrija.

Mzee Benedicto alipita akigonga vifuniko kwa fimbo. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Akaenda hadi mwisho, akayasukuma majani kwa ncha ya fimbo. "Tano. Umetimiza, mkwe." Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikainua kofia. Kisha akasema, "Sasa, mimi nimeuza maharage miaka thelathini. Gunia la mbele ni la kuonyesha watu. Mimi napima la nyuma. Tuanze na hili."

"Hilo bado changa, mkwe," nikasema. "Kali ni lile la kwanza."

"Mlipika siku moja au siku mbili?"

"Moja."

"Basi si pacha hawa? Mmoja atakuwaje mchanga?"

Watu walicheka sana, kwa sababu wanajua mimi ni nani. Nami nikacheka. Nikaanza kisa cha nyati. Nilikirefusha kuliko siku zote, nikaongeza mto, nikaongeza nyati wa pili, nikijua nikinyamaza tu nitapewa mrija. Felisita alikuwa amesimama upande wa kina mama, mkono mdomoni.

"Mkwe Butoyi," Benedicto akasema, "nyati wako wote tumewala hadi kwato. Sasa tuna kiu."

Kifuniko kikafunguliwa. Jua lilikuwa la saa saba. Ilikuwepo, ile harufu ya kitunguu, chini kabisa ya ndizi. Nikashika mrija. Nikautia mdomoni, nikafunga midomo juu yake, nikatikisa koo. Nilimeza mate yangu.

Nikasimama wima. "Ahaa!" nikasema. "Hii ndiyo rubisi ya Butoyi!"

Wakapiga makofi. Nitaandika na hili kwa kuwa ndilo baya kuliko yote: makofi yale yalinifurahisha. Kwa muda yalipodumu sikukumbuka kitu kingine.

Yalipoisha Fideli alikuwa amevua kofia na kupiga goti. Alishika mrija kwa mikono miwili na kuniangalia, anatabasamu. Alikunywa kwa bidii, ili kila mtu aone. Nililiona koo lake. Funda la kwanza. La pili. La tatu. Ni kwenye la tatu ndipo nilipopata miguu yangu. Nitaulizwa siku moja yale mawili yalikuwa ya nini.

Nikamsukuma. Nikalipiga pipa teke, halikusogea. Nikalikumbatia na kulivuta hadi likaanguka nami, na rubisi ikatiririka uani hadi kwenye kizingiti cha Ndayisenga. Kina mama wakapiga yowe. Kumwaga pombe ya mahari mlangoni kwa mwali, hakuna anayefanya hivyo ila adui.

"Umetumwagia nyumba!" Benedicto akapaza sauti.

"Ina sumu!" nikasema. "Msiinywe, ina dawa ya pamba!"

"Si umekunywa mwenyewe sasa hivi?"

Halafu wakacheka. Mimi niko chini, nimelowa, nasema ukweli kwa mara ya kwanza tangu Juni, nao wanacheka. Mmoja akasema, "Bado anatafuta nyati wa tatu." Hata Fideli alicheka. Akaniinua kwa kwapa. "Baba mdogo, inuka. Ni tamu tu, ina ukali kidogo kwenye ul..." Hakumaliza. Akashika tumbo. Jasho likamtoka usoni kama amemwagiwa maji, mate yakaanza kumtoka bila kikomo, na akaketi pale pale kwenye tope la rubisi.

Claudia ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia. Hakujali nguo yake. Tulimweka Fideli katikati ya watu wawili kwenye pikipiki hadi zahanati, wakamwosha tumbo, na gari likamleta hapa. Daktari alimfunua macho. "Kanywa nini huyu?"

Felisita alikuwa upande mmoja wa kitanda, Benedicto mlangoni. Nikasema: rubisi, kutoka kwenye pipa la dawa ya pamba.

"Mlijua?"

"Nilijua mimi. Niliambiwa na aliyeniuzia."

Daktari akaanza kazi yake haraka, akiita watu kwa majina. Felisita ndiye aliyeniangalia, taratibu, uso, mikono, macho, kama anayenunua mbuzi.

"Lakini na wewe ulikunywa," akasema. "Tulikuona wote. Mbona huumwi, shemeji?"

Nilikuwa mzima kabisa. Hata kichwa hakikuniuma.

Jumanne, 20 Agosti

Amefungua macho. Hanijibu, au hawezi bado.

Alhamisi, 22 Agosti

Ameomba uji. Claudia amemlisha. Ndayisenga amekuja na ndizi mbivu, amekaa saa nzima, na alipoondoka alimpa mkono Felisita. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha wangu.

Jumapili, 1 Septemba

Fideli karudi Keza. Anatembea, anachoka upesi. Hana pikipiki kwa sasa, mikono inatetemeka.

Jumatano, 4 Septemba

Nimekwenda kumsalimu. Alinipa kiti. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, marefu, mazuri. Nikasema tu, "Sikumeza."

"Najua, baba mdogo. Mama aliniambia."

"Nilisikia harufu. Nikakuacha ushike mrija."

Kuku walikuwa wanachakura. "Mimi pia niliisikia," akasema. "Nikajiambia, yeye si amekunywa?"

Alhamisi, 12 Septemba

Jirani yangu William amekuja kuomba pipa la tano akingie maji, mvua ikija. Nikamwambia halifai, lilikuwa na dawa, litaua watoto wako. Akacheka: "Butoyi bwana! Sema unalitaka mwenyewe." Sikubishana. Nililala nalo usiku mmoja tu zaidi.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimelikata kwa msumeno vipande vidogo, kisipatikane kimoja cha kushika hata kikombe cha maji. Nimezika mbali na chemchemi, kilimani kwenye mawe. William alikuja kutazama. Wakati huu hakucheka.

Jumapili, 29 Septemba

Ujumbe umetoka Kaniha. Wamekubali kupokea mahari upya, Jumamosi ijayo. Vibuyu kumi, hawataki pipa. Msemaji wetu atakuwa binamu Frednand. Wametaja jina langu mara moja: nisifike.

Nimemwomba Felisita kitu kimoja, nioshe mtumbwi. Nilidhani atakataa. Alileta maji mwenyewe, akatua dumu, akarudi ndani.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimeosha mtumbwi wa Bukuru. Hauhitaji mengi, maji na majani ya mgomba. Kwenye ubao wa ndani, upande wa kulia, kuna mahali palipolika kwa visigino. Ni upande niliokuwa nasimama mimi. Miaka yote ile sikuwahi kupaangalia.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, imelaza vumbi lote.

Vibuyu vimepangwa mbele ya nyumba ya Felisita, vimezibwa majani, vinapumua. Nilikuja kusaidia kupakia tu. Frednand amevaa koti langu, nilimpa mimi, lake limechanika. Kina mama walikuwa wameshapanda kwenye gari.

Fideli alitoka ndani na kikombe cha bati. Alichota kwenye kibuyu cha mwisho, kile cha nyuma kabisa. Mkono bado unamtetemeka kidogo, rubisi ikamwagika kwenye vidole.

"Baba mdogo," akasema, "aliyeosha chombo anaonja."

Nikavua kofia. Nikakipokea kwa mikono miwili. Harufu ilikuwa ndizi, mtama na mti wa zamani, basi. Nilikunywa. Funda la kwanza, la pili, la tatu, polepole, kichwa nimekiinua ili shingo ionekane.

Fideli hakunitazama usoni. Alikuwa anaangalia koo.

Kisha akakichukua kikombe, akanywa kilichobaki, akapanda garini.